Zulia Lililopakwa Rangi

Soda ilimwagika kwa sababu ya furaha. Fundi Rangi aliingia nyumbani mchana, nyusi zake bado zina matone meupe ya dari ya watu, mkononi ana chupa kubwa ya soda ya zabibu, ile nyekundu iliyokoza inayoacha ulimi wa mtoto rangi ya wino. Hata viatu hakuvua. Alisimama katikati ya sebule akaanza kuitikisa chupa kama mshindi wa mbio.

"Mke wangu, leta glasi! Nesi si amepiga simu? Si amesema kesho anakuja kuona chumba? Basi mapacha ni wetu!"

"Anakuja kuona, baba. Hajasema analeta. Na usitikise hiyo chupa juu ya zuli..."

Kifuniko kiliruka kikagonga saa ya ukutani. Soda ikafuata. Nyingine ilimpata Fundi kifuani, nyingine ikampata mama yake mzazi aliyekuwa anasinzia kwenye kochi, lakini nyingi ilitua pale ambapo haikutakiwa kutua hata tone: kwenye zulia la watoto, zulia la rangi ya maziwa, katikati kabisa.

"Nani kanimwagia maji ya betri?" Bibi akauliza akiwa amefumba macho.

Mama Mlezi, ndivyo mtaa mzima ulivyomwita, alibaki ameshika kichwa. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu sebuleni kwake, mama zao wakiwa kazini. Walikuwa wanne, na Jumapili ile kila mmoja alikuwa kwao. Wawili wakubwa walikuwa wanaingia shule mwezi unaofuata, na wawili ambao wangebaki wasingetosha kulipa pango la nyumba ile. Mapacha wa Nesi ndio wangeziba pengo. Wasipokuja, ni kufunga kazi na kurudi kuosha masufuria ya mkahawa, mikono ndani ya maji ya moto kutwa, na watoto waliokwisha kumzoea watafutiwe mgongo mwingine.

Na mama wote walioleta watoto pale walianza kwa kuangalia kitu kimoja. Hawakuangalia dari, ingawa Fundi aliipaka mwenyewe akataka isifiwe. Waliangalia zulia. Mtoto anatambaa juu yake, anaangusha biskuti juu yake, anaiokota, anakula. Zulia lile likiwa safi, mama anavua kiatu, anakaa, mnaongea. Sasa lilikuwa na doa kubwa kama mfuniko wa sufuria ya shughuli, jekundu kama mtu amechinjwa.

"Usijali," Fundi akasema. "Hiyo ni kazi ndogo."

Mke wake alikuwa ameolewa na mtu huyu kwa hiari yake, na alijua maneno hayo yalikuwa na maana gani. Yalikuwa na maana ya kwamba kazi sasa ni kubwa.

*

Kwanza Mama Mlezi alichukua taulo jeupe akaligandamiza juu ya doa, taratibu, ili linywe. Taulo likaanza kunywa vizuri. Lakini Fundi hakuwahi kuona kazi ikifanywa taratibu akavumilia.

"Sogea, mama. Hapo unalibembeleza."

Akaleta brashi ya waya ya kukwangulia rangi ya zamani kwenye mageti. Akapiga magoti, akasugua kwa mabega yote mawili. Doa likatoka ukubwa wa mfuniko likawa ukubwa wa sinia.

"Linatoka!" akasema.

"Linatoka linakwenda wapi? Linatembea hilo!" Bibi aliinuka kwenye kochi. "Wekeni chumvi. Chumvi inavuta."

Wakaweka chumvi. Chumvi ikageuka rangi ya waridi, ikapendeza kweli, doa likabaki. Wakaweka maji ya moto, na hapo ndipo walipoharibu kabisa, kwa kuwa doa la soda ukilipa maji ya moto unalikaribisha likae. Jirani mmoja alichungulia dirishani kuuliza kuna msiba gani, akashauri siki. Siki ikawekwa. Mwingine akapita, akasema sabuni ya vyombo. Ikawekwa. Sebule ikaanza kunuka kachumbari iliyooshwa.

"Tusogeze kochi tulifunike," Mama Mlezi akasema. Wakasogeza. Kochi likakaa katikati ya chumba limewapa mgongo watu wote wanaoingia mlangoni.

Bibi akalitazama. "Nesi atadhani mmegombana nalo."

Wakalirudisha.

Ndipo Fundi akatoka nje, akarudi na galoni la dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hakuona bakuli karibu. Akaichukua ile ile chupa ya soda, akamwaga mabaki yake nje, akachanganyia dawa na maji humo humo, maana shingo nyembamba inamimina bila kutapanya. Chupa ilikuwa na picha ya zabibu tatu zinacheka. Ndani yake sasa kulikuwa na kitu cha rangi ya manjano hafifu, kinachofanana na maji ya tufaha.

Akamimina nusu yake juu ya doa, na siki ilikuwa bado haijakauka. Vile vitu viwili vilipokutana, chumba kilianza kuuma macho. Bibi alikohoa mpaka akashika ukuta. Mama Mlezi akafungua mlango na madirisha, wote watatu wakatoka nje wakakaa kwenye ngazi, machozi yanawatiririka, wapita njia wakitoa pole.

"Hiyo ndiyo dawa sasa," Fundi akasema, anafuta macho. "Dawa isiyouma haitibu."

"Wewe baba," mke wake akamjibu, "siku ukinipeleka kaburini utasema hiyo ndiyo nyumba sasa."

Walipoweza kurudi ndani, wekundu ulikuwa umepungua kweli. Tatizo ni kwamba zulia nalo lilikuwa limepungua. Pembeni ya doa ilikuwa waridi, katikati nyeupe kama karatasi, na kuizunguka yote mstari wa kahawia kama ramani ya nchi isiyo na bahari.

Fundi alilitazama kwa muda, mikono kiunoni, kichwa kimeinama upande. Mke wake aliujua mtazamo ule. Ndio aliokuwa nao akitazama kuta.

"Unajua kosa letu?" akasema polepole. "Tumekuwa tunalitoa. Doa halitolewi, mama. Mimi miaka yote nimefunika moshi, nimefunika ukungu, nimefunika vidole vya wapangaji. Doa linafunikwa. Unapaka mara ya kwanza, unapaka mara ya pili, kwisha kazi."

"Unataka kulipaka zulia rangi."

"Rangi ya maziwa ninayo. Ya mafuta. Inaoshika."

Ingekuwa siku nyingine angemnyang'anya brashi. Lakini jioni ilikuwa imeingia, Nesi alikuwa anakuja asubuhi, na mwanamke akiwa na hofu hukubali mambo ambayo akiwa na akili zake angeyacheka. Akasema, "Fanya haraka."

Na ni haki kusema: Fundi alikuwa fundi. Alichanganya rangi tone kwa tone mpaka usingejua ipi ni rangi na ipi ni zulia. Alipaka akafuata mwelekeo wa nyuzi. Ukisimama mlangoni huoni kitu. Bibi alisimama mlangoni akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Mwanangu," akasema, "wewe ungekuwa mwizi tungekuwa matajiri."

*

Mama Mlezi alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla mtoto wa kwanza hajafika, alishuka chini akatambaa chumba chote kwa mikono na magoti. Bibi alimcheka sana kwa hilo, akimwita mtoto wa tano. Lakini alisema ukisimama huoni wanachokiona wao. Ukitambaa ndipo unapokutana na sindano, kifungo, punje ya mahindi chini ya kabati. Katika miaka yote ile hakuna mtoto aliyewahi kukabwa na kitu nyumbani kwake.

Asubuhi ile alitambaa kama kawaida. Pale katikati mkono wake uligusa kitu kigumu kama ganda la mkate wa juzi, kikabonyea kidogo. Chini ya ganda rangi ilikuwa bado mbichi. Akamwita Fundi, lakini Fundi alikuwa anaoga, anaimba.

Watoto wakafika. Wa mwisho kufika alikuwa Meneja. Huyu hakuwa amefikisha miaka miwili, mama yake mshonaji, na jina alilipata kwa sababu ya kutembea na mikono nyuma akikagua. Kila asubuhi alikagua nyuma ya mlango, chini ya meza, nyuma ya pazia, akitoa miguno, kisha ndipo anakubali kucheza.

Mara mlango ukagongwa. Nesi alikuwa amewahi.

Mama Mlezi akageuka, akaona vita vya jana vyote vimepangwa kwenye dirisha: chumvi, siki, sabuni, brashi ya waya, na ile chupa. Hakutaka Nesi avione. Akavikumbatia vyote kwa mkupuo mmoja, akavisukuma chini, nyuma ya pazia, akalivuta pazia likafunika. Chumba alikwisha kukikagua. Alichofanya baada ya kukikagua hakukihesabu. Nakwambia, hapo ndipo sisi wanawake tunapoponzeka: kwa mgeni kuliko kwa mtoto.

"Karibu, sista, karibu sana!"

Nesi aliingia na mkoba begani, macho yake yanazunguka kama taa ya ulinzi. Alisifu dari. Fundi, aliyetoka bafuni wakati huo huo, nusura alie.

"Pana hewa," Nesi akasema. "Ila naona kama kuna harufu ya rangi?"

"Ah, mume wangu ni fundi," Mama Mlezi akajibu haraka. "Harufu yake ndiyo hiyo. Hata kanisani wanakaa naye mbali." Akamshika mgeni mkono, akampitisha kandokando ya ukuta. "Pita huku, sista, huku ndiko penye mwanga."

"Mbona tunatembea ukutani kama mijusi?"

Hapo Bibi akaona nyumba ya mwanawe inateketea, akaamua kuiokoa. Aliinuka kwenye kochi, akaenda hadi katikati ya zulia, akajishusha juu ya doa, akanyoosha miguu.

"Mimi hukaa hapa," akatangaza bila kuulizwa. "Siku zote. Mgongo wangu unapapenda."

Nesi akacheka. "Shikamoo, mama. Basi nyanyuka nikupe mkono vizuri."

"Marahaba, mwanangu. Mkono niletee hapa hapa."

"Umepata shida ya miguu? Ngoja nikusaidie, ni kazi yangu hii." Akamshika kwapani, akavuta. Bibi akainuka kidogo, gauni halikuinuka. Sauti ilisikika, ile ya plasta ikibanduka kwenye kidonda.

"Niache, sista! Niache nilipo!"

"Mama, umekalia nini?"

"Mapenzi ya familia!" Bibi akajibu.

Fundi aligeukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Hata Mama Mlezi alihisi kicheko kinampanda kooni pamoja na machozi. Ndipo alipoona kwamba pazia linatikisika.

Mikono ya Meneja haikuwa nyuma. Ilikuwa mbele, imeikumbatia chupa yenye zabibu tatu zinazocheka. Kifuniko, kilichokuwa kimeregezwa na kuruka kwa jana na kurudishwa juu juu tu, kilikuwa chini sakafuni. Meneja aliinua chupa kwa nguvu zake zote, kama alivyoona watu wazima wakifanya, na kuielekeza mdomoni.

Mama Mlezi hakukumbuka kuruka. Alipita juu ya kochi, juu ya miguu ya Bibi, akaipiga ile chupa kwa kiganja ikagonga ukuta. Bibi naye aliinuka kwa mara moja, gauni likachanika, kipande kikabaki kwenye zulia. Kifua cha mtoto kilikuwa kimelowa. Midomo yake ilikuwa imelowa. Alikuwa anakunja uso, anatoa ulimi.

"Mtapishe! Mtie kidole!" Fundi akapiga kelele.

"Usimtapishe!" Sauti ya Nesi haikuwa tena ya mgeni. "Mtu yeyote asimtie kidole. Maji safi, haraka. Kuna nini humo?"

Fundi akakimbilia maji.

"Nauliza, kuna nini ndani ya hiyo chupa?"

"Dawa ya nguo nyeupe," Mama Mlezi akasema. "Na maji."

Nesi alimvua mtoto shati, akamwosha midomo, akamwosha kinywa, ulimi, kidevu, kifua, tena na tena, akamnusa pumzi, akamchungulia kooni kwa mwanga wa simu. Akamnywesha maji kidogo kidogo. Meneja alilia kwa hasira ya mtu aliyeingiliwa kazini. Kilio kile kilikuwa kikubwa, kizima, hakina mkwaruzo, na Nesi alikisikiliza mpaka mabega yake yakashuka.

"Hajameza. Imemgusa tu. Lakini mtampeleka akaangaliwe, leo, sasa hivi." Akaiokota chupa, akaigeuza zile zabibu ziwatazame. "Mnajua naletewa watoto wangapi kwa chupa za namna hii? Mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji. Dawa ya choo ndani ya chupa ya juisi. Mama anakuja analia, anasema niligeuka kidogo tu." Akanusa hewa. "Na siki? Mlichanganya hii na siki? Mungu wangu, na watu wazima mlikuwa mnajiua."

Akatazama katikati ya zulia, kwenye kipande cha gauni la maua kilichosimama chenyewe.

"Na hilo?"

"Ni rangi," Fundi akasema kwa sauti ndogo. "Ya mafuta."

Nesi alichukua mkoba wake. Hakusema analeta, hakusema haleti. Alisema, "Mpelekeni mtoto," akaondoka.

*

Daktari alisema mtoto mzima. Njia nzima ya kurudi Fundi alikuwa anasema jambo moja kwa namna nyingi.

"Shati tunaosha tu, limepauka kidogo. Mama yake hata hatauliza. Mtoto mzima, mama. Kumwambia ni kumtia presha bure."

"Nitamwambia."

"Atamchukua mtoto wake. Nesi ameshakwenda. Tutabaki na nani?"

"Na mama yako," Mama Mlezi akasema. "Na zulia lako."

Akamwambia. Mshonaji alikuja jioni, na sindano zimechomekwa kwenye kola kama kawaida, akasimuliwa yote mlangoni: soda, siki, dawa, pazia. Mama Mlezi hakusema "ilitokea". Alisema "niliweka". Mshonaji alimkumbatia mwanawe kwa nguvu mpaka Meneja akaguna. Kisha akasema maneno ambayo Mama Mlezi aliyastahili, na mengine ambayo hakuyastahili, majirani wakayasikia yote. Akaondoka na mtoto. Siku iliyofuata Meneja hakuja, wala iliyofuata hiyo.

Siku ya tatu alikuja. Mshonaji alisimama kizingitini akiwa hajaamua kutabasamu.

"Nilimpeleka kwa mama mmoja huko barabarani," akasema. "Nikamuuliza, je, mtoto akipata ajali utaniambia? Akanijibu kwake hakujawahi kutokea hata mchubuko." Akavuta pumzi. "Watoto kumi na mbili, hakuna mchubuko! Nikaona bora yule anayesema."

Sebule aliyoiona haikuwa ile. Zulia lilikuwa limetoka. Fundi alijaribu kulisugua kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, likaoza katikati, akalibeba mwenyewe mgongoni hadi jalalani, mtaa mzima unamsindikiza kwa vicheko. Sakafu ilikuwa tupu, ya saruji iliyopigwa deki hadi inang'aa. Mapazia yalikuwa yamekatwa yaishie dirishani. Dawa zote, na makopo ya rangi yote, na hata siki, vilikuwa ndani ya kabati la jikoni, na mlangoni kuna kufuli kubwa ambalo Fundi alilitoa kwenye stoo ya vifaa vyake bila kubishana. Kila dawa ilikuwa ndani ya chupa ile ile iliyozaliwa nayo.

*

Nesi alirudi bila kupiga simu. Alikuwa amemshika mtoto mmoja mkononi, kidume cha mashavu, paji la uso lina alama ya kuanguka.

"Nilikutana na mshonaji pale kliniki, amemleta yule mtoto aangaliwe tena," akasema. "Amenieleza ulimwambia mwenyewe. Ni kweli?"

"Ni kweli, sista."

"Hm." Akatazama sakafu, akatazama mapazia, akaketi kwenye kochi kando ya Bibi, aliyevuta gauni lake jipya mbali kidogo. Kisha akauachia mkono wa mtoto. "Huyu ndiye mkubwa wa mapacha. Ameshavunja televisheni, miwani ya baba yake, na mlango wa friji. Mwacheni."

"Tumwache afanye nini?" Fundi akauliza.

"Anachotaka. Asisaidiwe, asizuiwe. Nataka kuona."

Wakakaa wote wanne kama watu wanaosubiri matokeo. Mtoto akaanza. Akaenda dirishani, akatafuta pazia la kuvuta, mkono haukufika. Akaingia chini ya meza, akatoka mikono mitupu. Akazunguka kochi. Mama Mlezi alikuwa amejikunja vidole, kila pembe ya nyumba inapita kichwani mwake: je, nimesahau nini, je, kuna nini kule. Meneja alimfuata mgeni nyuma hatua kwa hatua, mikono nyuma, kama anayemwonyesha ofisi.

Mtoto akaingia jikoni. Wakasikia kufuli likitikiswa. Likatikiswa tena kwa nguvu. Kimya. Kisha wakasikia meno kwenye chuma.

"Analing'ata," Bibi akanong'ona.

"Mwache," Nesi akasema.

Mtoto akarudi sebuleni. Alisimama katikati ya sakafu tupu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, mdomo ukaanza kupinda. Akakaa chini kwa kishindo, akaangua kilio cha uchungu mkubwa, kilio cha mtu aliyetembea nyumba nzima akakosa cha kuharibu.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Nesi alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Alikuwa mwanamke mwingine akicheka, mchovu na mdogo.

"Jumatatu," akasema. "Nitaleta huyu peke yake kwanza. Mwenzake ni mpole, sitaki kumhatarisha."